KICHUPA CHA SAMPULI KISIPUUZWE

Katika mikutano ya afya siku hizi, kila itajwapo saratani ya mlango wa kizazi, mambo mawili ndiyo hutawala mazungumzo. La kwanza ni chanjo ya wasichana. La pili ni mashine za maabara zenye uwezo wa kutambua virusi vinavyoleta maradhi hayo. Yote mawili yanastahili kushangiliwa. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Mashine nazo zimeanza kuingia katika hospitali za mikoa na wilaya. Lakini kati ya mwanamke na mashine kuna kitu kidogo ambacho hakitajwi katika hotuba, hakikatiwi utepe wala hakipigwi picha. Kitu hicho ni kichupa cha sampuli, pamoja na dawa ya kuhifadhia iliyomo ndani yake. Usalama wa mwanamke hutegemea kichupa hicho sawasawa na unavyoitegemea mashine.

Ukubwa wa maradhi haya hauhitaji kutiwa chumvi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani walipata saratani ya mlango wa kizazi na wapatao 350,000 walikufa kwayo. Tanzania peke yake ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kuliko hii nchini. Wengi wa wale wanaofikishwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Hospitali ya Bugando, Mwanza, hufika maradhi yamekwisha kukomaa, baada ya jamaa kuuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya nauli na matibabu ya huku na huko.

Jambo chungu zaidi ni kwamba adui huyu hatembei kwa haraka. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Kijerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, walitambua aina ya 16 ya virusi vya papiloma, vijulikanavyo kwa herufi HPV. Mwaka uliofuata wakatambua aina ya 18. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na kwa kazi hiyo zur Hausen alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu virusi hivyo ving'ang'anie mwilini hadi saratani itokeze, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI bila ya matibabu, muda huo huweza kupungua hadi miaka 5 au 10. Hata hivyo bado ni nafasi ya kutosha ya kumkamata mwizi kabla hajavunja mlango. Anayefariki kwa maradhi haya, kwa hakika, amefariki baada ya nafasi nyingi kupotezwa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mnamo Novemba 2020, lilitoa mwito kwa mataifa yote kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wafikapo miaka 35 na tena wafikapo miaka 45, na asilimia 90 ya watakaoonekana na dalili watibiwe. Mwaka 2021 Shirika hilo likaeleza waziwazi kwamba kipimo kinachopendekezwa ni kile cha kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Hapo ndipo kichupa kilipoingia katika habari hii.

Njia za zamani hazikuwa na haja kubwa nacho. Daktari Georgios Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, aliwafundisha madaktari wa miaka ya 1940 kupaka chembe za mlango wa kizazi juu ya kioo, kukizamisha kioo mara moja katika spiriti, kisha kukitazama kwa darubini. Hata yeye hakuruhusu kioo kikauke kabla ya kuzamishwa, kwa kuwa chembe iliyonyauka humdanganya mtazamaji. Na njia ya siki, ambayo vituo vingi vya afya nchini vimeitegemea kwa miaka mingi, haina cha kuhifadhi kabisa. Muuguzi hupaka siki hafifu, husubiri dakika moja, hutazama kama pana weupe, na mwanamke hupewa jibu akiwa bado yuko palepale. Huo ndio uzuri wa siki, na wanaoibeza wangefaa kuukumbuka. Ubaya wake ni kwamba jibu hutegemea jicho, na macho ya watu wawili hayaoni sawa.

Kipimo cha vinasaba hakitegemei jicho la mtu. Lakini hudai kwamba chembe zilizochukuliwa katika zahanati zifike maabara zikiwa bado zinabeba ujumbe wao. Chembe ikishatengana na mwili huanza kufa. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani vile viyeyushaji vya asili ambavyo chembe iliyo hai huvitawala. Ikifa, viyeyushaji hivyo hufunguka kama mbwa waliokatika kamba na kuanza kukatakata uzi wa vinasaba. Bakteria waliomo katika ute nao huongeza vyao. Joto huharakisha kazi hiyo na unyevu huiwezesha. Uzi uliokuwa mrefu huwa vipande, na vipande huwa vipande vidogo zaidi, hadi mashine iliyotumwa kutafuta neno fulani ikute herufi zilizotawanyika.

Dawa ya kuhifadhi kazi yake ni kuvizuia viyeyushaji hivyo. Spiriti za namna ya methanoli na ethanoli hunyonya maji katika chembe na kukausha vimeng'enya visiweze kufanya kazi. Dawa nyingine hutiwa kemikali iitwayo EDTA, ambayo huifunga magnesiamu, madini ambayo vimeng'enya hivyo haviwezi kukata kitu bila ya kuwa nayo. Ipo pia njia ya kukausha tu: kijiti chenye pamba huanikwa hadi kikauke, kwa kuwa pasipo maji kiyeyushaji hakina nguvu. Njia hiyo ya mwisho ni ya bei nafuu, na wanawake wengi huweza kuitumia wenyewe faraghani, jambo ambalo mwongozo wa mwaka 2021 uliliruhusu.

Si kila dawa iliyozoeleka hospitalini hufaa. Formalini, ambayo kila mtumishi wa maabara anaijua kwa harufu yake, huhifadhi umbo la nyama vizuri sana kwa ajili ya darubini, lakini hufunga vinasaba na protini pamoja kama nyavu mbili zilizonaswa, na mashine ya kunakili vinasaba hujikwaa humo. Baadhi ya vichupa vinavyouzwa kwa ajili ya uchunguzi wa chembe vina formaldehaidi kidogo, na sampuli zake hudai kupashwa moto kwanza maabara kabla ya kupimwa. Afisa ugavi asiyelijua jambo hili anaweza, kwa nia njema kabisa ya kuokoa fedha, kununua kichupa cha aina moja na kipimo cha aina nyingine, na viwili hivyo visielewane. Kila kipimo kimethibitishwa pamoja na dawa yake maalumu, na nje ya hapo hakuna mwenye haki ya kubahatisha.

Sasa na litazamwe jambo lililo zito kuliko yote. Sampuli ya damu ya malaria ikiharibika, mgonjwa huendelea kuwa na homa na mganga hushtuka. Sampuli ya mlango wa kizazi ikiharibika hakuna anayeshtuka. Mashine hutafuta vinasaba vya virusi, haivioni, na huandika kwamba havipo. Mwanamke huambiwa aende zake kwa amani, arudi baada ya miaka mitano au zaidi. Anarudi nyumbani akiwa na furaha, huku virusi vikiendelea na kazi yake. Ni afadhali mara nyingi kutopimwa kuliko kupewa amani ya namna hiyo, maana asiyepimwa angalau bado ana wasiwasi wake wa kumkumbusha.

Kinga dhidi ya uongo huu ipo. Vipimo vilivyotengenezwa kwa uangalifu hutafuta, pamoja na vinasaba vya virusi, kinasaba kimoja cha binadamu. Kikipatikana, ni ushahidi kwamba chembe za mwanamke zilikuwamo na hazikuharibika. Kisipopatikana na virusi navyo visionekane, mashine hukataa kutoa jibu na kudai sampuli nyingine. Lakini viko vipimo vilivyoenea duniani ambavyo havina ushahidi huo. Vyenyewe husoma kichupa kitupu na kichupa salama kwa sauti moja. Katika nchi yenye barabara ndefu na jua kali, kununua kipimo cha namna hiyo kwa sababu tu bei yake imepungua kidogo ni kubana matumizi mahali pasipofaa.

Wapo watakaosema kwamba hofu hizi ni za nchi maskini. La hasha. Ireland ni nchi tajiri yenye hali ya hewa ya baridi. Baada ya mtafaruku uliotokea huko mwaka 2018 kuhusu uchunguzi wa wanawake, sampuli nyingi zilizidi uwezo wa maabara za nchini na zile za Marekani zilizokuwa zikisaidia. Mapema mwaka 2019 ikatangazwa kwamba maelfu ya wanawake watapaswa kupimwa upya, kwa kuwa kipimo cha virusi kilifanyika baada ya siku 30 zilizowekwa na watengenezaji kupita. Wakuu wa afya walieleza kwamba hatari ilikuwa ndogo. Hata hivyo wanawake hao waliandikiwa barua na kurudishwa katika vituo vya uchunguzi. Ikiwa hayo yaliwapata wenye ndege za kila siku na majokofu yasiyozimika, itakuwaje kwa sampuli iliyotoka zahanati ya kando ya Ziwa Tanganyika wakati wa masika?

Hapo pana neno moja dogo katika vijitabu vya watengenezaji ambalo linahitaji kusomwa kwa makini. Huandikwa kwamba sampuli inaweza kukaa wiki kadhaa, au hata miezi, katika "joto la chumba". Msomaji huridhika. Lakini joto la chumba katika vijitabu hivyo kwa kawaida maana yake ni nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi, na chumba kinachofikiriwa ni cha huko ilikotengenezwa dawa. Bohari ya bati, Tanga au Dar es Salaam, mchana wa Februari, si chumba cha namna hiyo. Wala si chumba buti la basi lililoegeshwa juani huku abiria wakila chakula cha mchana. Kabla ya kutia saini mkataba wowote, muuzaji hana budi kuulizwa: sampuli hii hustahimili siku ngapi katika nyuzi 35, na katika nyuzi 40? Akikosa jibu lililopimwa, atafutwe mwingine.

Methanoli nayo ina tabu zake. Ni sumu ikinywewa na hushika moto upesi, hivyo usafirishaji wake hufuata masharti ya mizigo ya hatari. Kuwapa madereva wa pikipiki makasha ya vichupa hivyo pasipo mafunzo wala vifungashio imara ni kuwatendea isivyo haki. Kijiti kilichokaushwa hakina tabu hiyo. Hakimwagiki, hakiwaki, na uzito wake ni kama wa barua.

Na nchi si mgeni wa jambo hili. Kwa miaka mingi watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI wamepimwa kwa tone la damu lililochukuliwa kisiginoni, likakaushwa juu ya karatasi maalumu, likafungwa katika mfuko wenye vidonge vya kunyonya unyevu na kusafirishwa hadi maabara za kanda. Makohozi ya kifua kikuu nayo husafiri kutoka zahanati hadi kwenye mashine ya GeneXpert. Wauguzi, madereva na wahudumu wa maabara waliofanya kazi hiyo wanajua ni wapi mizigo hukwama, ni siku ipi gari halitoki, ni daftari lipi halijazwi. Ujuzi huo ni mali ya Taifa na ulipatikana kwa jasho. Itakuwa ajabu kama mpango wa uchunguzi wa wanawake utaandikwa upya na washauri wa nje, kana kwamba hakuna aliyewahi kusafirisha sampuli nchini.

Mashine hizohizo za GeneXpert zina katriji ya kupima virusi vya papiloma, na hutoa jibu kwa muda wa saa moja hivi. Hili ndilo lingepaswa kutiliwa mkazo. Dawa iliyo bora ya kuhifadhi vinasaba ni kufupisha safari. Pale ambapo mashine ipo wilayani na ina nafasi baada ya kazi ya kifua kikuu, hakuna sababu ya sampuli kulala barabarani siku kumi kwenda mkoani ati kwa kuwa mkoani ndiko kwenye maabara kubwa. Mwanamke aliyeamka alfajiri akaacha shamba angeweza kungoja jibu lake na, kama amekutwa na virusi, kuchunguzwa na kutibiwa siku ileile. Kila mtumishi wa afya anafahamu kwamba mwanamke aliyeambiwa arudi wiki ijayo mara nyingi harudi. Nauli haipo, mtoto anaumwa, au mume amekwisha kuuliza ni ugonjwa gani huo usiokwisha.

Kwa zahanati zilizo mbali na mashine, kichupa au kijiti kitaendelea kuwa cha lazima, na hapo mambo madogo ndiyo huokoa au kuua. Sampuli ya vinasaba ichukuliwe kabla ya kupaka siki. Mafuta ya kulainisha vifaa yasitumiwe kwa wingi, kwa kuwa huweza kuizuia mashine kusoma, kama damu nyingi inavyoweza. Brashi isukwesukwe vema ndani ya dawa badala ya kuchovywa kwa heshima tu. Tarehe ya kuchukua sampuli iandikwe juu ya kichupa chenyewe kwa kalamu isiyofutika na spiriti, maana wino wa kawaida ukipata methanoli hutoweka na pamoja nao jina la mwanamke. Na vichupa viagizwe Bohari ya Dawa pamoja na katriji zake, kwa hesabu moja, ili mashine isikae bure kwa kukosa vichupa wala vichupa visipitwe na tarehe vikingoja katriji.

Liko pia suala la baada ya kipimo. Sampuli iliyohifadhiwa vizuri haifi siku ya majibu. Katika jokofu la nyuzi nyingi chini ya sifuri inaweza kudumu miaka, na humo mna vinasaba vya mwanamke mwenyewe mbali na vya virusi. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, chembe za saratani ya mlango wa kizazi za Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, zilichukuliwa bila ya ridhaa yake. Alikufa mwaka huohuo. Chembe zake zikaendelea kuzaliana katika maabara za dunia nzima, na baadaye ndani yake vikakutwa virusi vya aina ya 18. Makampuni yalipata faida kubwa. Jamaa zake walisubiri hadi mwaka 2023 kufikia mapatano na kampuni mojawapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sampuli zinazotoka nje ya nchi kwa utafiti hudai mkataba maalumu kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Yafaa masharti hayo yafike hadi zahanati, kwa Kiswahili kinachoeleweka: mwanamke aambiwe masalio ya sampuli yake yatatupwa lini, au yatawekwa kwa kazi gani, na aulizwe kama amekubali. Asipokubali, huduma yake isipungue hata kidogo.

Mwisho ni maabara yenyewe. Mhudumu anayekataa sampuli iliyochelewa, iliyovuja au isiyo na tarehe asionekane mkorofi, wala asishurutishwe kuipima ili takwimu za mwezi zipendeze. Aikatae, aandike sababu, na taarifa irudi kituoni ilikotoka kabla ya siku nyingi kupita, ili mwanamke atafutwe angali anakumbukwa. Kituo kikipewa kila mwezi idadi ya sampuli zilizokataliwa, pamoja na sababu ya kila moja, mganga wa wilaya atajua kama kosa lilikuwa la brashi, la basi au la bohari.